Bernhard Grzimek na Serengeti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukipita barabara ya ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro utakuta pembeni piramidi ndogo ya mawe. Hapo wamelala baba na mwana, Bernhard na Michael Grzimek. Asubuhi ukungu huwa mzito kiasi kwamba mtu akishuka garini anaiona piramidi ikiwa hatua chache tu mbele yake, mawe yamelowa, na chini kule kreta haionekani kabisa. Mimi ni muongoza watalii, na pale nimeshaegesha gari mara zisizohesabika. Wajerumani wazee huvua kofia wakasimama kimya. Wanafunzi wetu wanaokuja kwa mabasi ya shule husoma majina, wakaniuliza: "Mwalimu, hawa Wazungu walifanya nini mpaka wakazikwa huku?" Maswali hayo nimeyakusanya hapa pamoja na mengine ninayokutana nayo kila msimu, nikayajibu kwa urefu ambao barabarani sipati nafasi ya kuutumia.

Bernhard Grzimek alikuwa nani?

Alikuwa daktari wa wanyama, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt kwa karibu miaka 30, mwandishi, na mtangazaji wa televisheni ambaye kizazi kizima cha Wajerumani kilikua kikimtazama. Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, eneo la Silesia, ambao siku hizi unaitwa Nysa na uko Poland. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, alifariki Bernhard akiwa mtoto mdogo. Alisomea udaktari wa wanyama Leipzig na Berlin, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1933.

Sisi huku tunamkumbuka kwa jambo moja kubwa: yeye na mwanawe walikuwa wa kwanza kuwahesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege, kisha wakaifanya Serengeti ijulikane duniani kote.

Jina lake linatamkwaje?

Wajerumani hulitamka karibu na "Gzhimek", herufi ya r haisikiki kabisa. Madereva wengi wa Arusha husema "Grizimeki", na sijaona Mjerumani aliyekasirika.

Alianzia wapi kazi ya wanyama?

Alianza kwa mifugo ya kawaida: kuku, ng'ombe na farasi. Kabla ya vita na wakati wa vita alifanya kazi katika wizara ya chakula na kilimo, na jeshini alikuwa daktari wa wanyama. Mei 1945, Ujerumani ikiwa magofu, akakabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt iliyokuwa imevunjwa na mabomu, wanyama waliosalia wakiwa wachache mno. Wakubwa wa mji walifikiria kuifunga moja kwa moja. Grzimek akaifungua tena tarehe 1 Julai mwaka ule ule. Alileta sarakasi, bembea, muziki na dansi, chochote cha kuwavuta watu waliochoka na vita, na kiingilio chao ndicho kilichowalisha wanyama. Akabaki mkurugenzi hadi 1974.

Wakati wa Hitler alikuwa upande gani?

Vijana wengi huniuliza hili, na wana haki. Kumbukumbu zinaonyesha alijiunga na SA, kikosi cha wanamgambo wa Nazi, mwaka 1933 na chama cha Nazi mwaka 1937. Baada ya vita alikana kuwa mwanachama, na jambo hilo likamfanya asimamishwe kazi kwa muda kabla ya kurudishwa. Kwa upande mwingine, mwanzoni mwa 1945 polisi wa siri, Gestapo, waliipekua nyumba yake Berlin kwa sababu alikuwa akiwapelekea chakula Wayahudi waliojificha, naye akakimbia. Yote mawili yalimtokea mtu huyo huyo. Mimi huyaeleza yote mawili bila kuficha lolote.

Kipindi chake cha televisheni kilikuwaje?

Kiliitwa Ein Platz für Tiere, yaani Mahali pa Wanyama. Kilirushwa kwa mara ya kwanza tarehe 28 Oktoba 1956 na kituo cha Hessischer Rundfunk, kikaendelea hadi mwaka wa kifo chake, 1987. Vilitengenezwa vipindi 175.

Wageni waliokua na kipindi hicho hunisimulia kwa mikono. Mzee mrefu wa suti na tai ameketi nyuma ya meza, mwenye sauti ya puani, taratibu, kama babu anayezungumza na wajukuu baada ya chakula. Anaanza: "Jioni njema, marafiki zangu wapendwa." Na mezani hapo hapo, au begani mwake, kuna mnyama aliyekuja naye kutoka bustanini: duma, nyani mdogo, nyoka. Mnyama anavuta tai, anaangusha karatasi, anapanda kichwani, na mzee anaendelea kueleza habari za nchi ya mbali kana kwamba hakuna kinachotokea. Mama mmoja wa makamo aliniambia kuwa nyumbani kwao simu iliachwa ilie tu mpaka kipindi kiishe. Mchekeshaji mashuhuri Loriot alimwigiza mwaka 1976 kwa kubuni mdudu anayekula mawe, na mdudu yule akaja kuingizwa kwa utani katika kamusi ya kitabibu ya Kijerumani. Ukiona mtu anaigizwa namna hiyo, basi ameshaingia kila sebule.

Kulikuwa na lengo nyuma ya upole ule. Grzimek aliomba michango ya kusaidia wanyama walio hatarini, na watu wa kawaida wakatuma fedha kidogo kidogo. Sehemu ya fedha hizo ilifika Tanganyika, ikawa magari ya askari wa hifadhi, redio za mawasiliano na ndege za doria.

Je, alikuwa kama Steve Irwin au David Attenborough?

Hao nao ni watu wa vipindi vya wanyama vya televisheni: Irwin aliwarukia mamba, Attenborough husimulia kama mshairi. Grzimek alikuwa mtu wa mezani, na kila alichoonyesha kiliishia kwenye ombi: toa mchango, acha kununua koti lile, mwandikie mbunge wako.

Kwa nini alichagua Serengeti?

Fedha zilitoka Kongo. Miaka ya 1950 Grzimek alikwenda Kongo ya Wabelgiji kuwatafuta okapi, mnyama wa msituni wa jamii ya twiga, na okapi alifika Frankfurt mwaka 1954. Safari za Kongo zilizaa kitabu, kisha filamu ya mwaka 1956 iliyotengenezwa na Michael, akiwa kijana wa miaka 22 tu. Ilieleza jinsi wanyama wa mwituni wanavyokosa pa kuishi kadiri binadamu wanavyoongezeka. Filamu ikashinda tuzo katika tamasha la Berlin, ikaingiza fedha nyingi.

Baba na mwana wakataka kuzitumia kununua ardhi ya kuongeza kwenye hifadhi. Wakati huo serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilikuwa ikitaka kuigawa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwa sababu ya mvutano wa muda mrefu na Wamaasai walioishi ndani yake. Mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, Kanali Peter Molloy, akawapa ushauri wa maana zaidi. Kabla ya kupigania mipaka, mtu ajue kwanza wanyama ni wangapi na wanakwenda wapi, na hakuna aliyekuwa anajua. Hilo ndilo lililowaleta.

Hadithi ya ndege yenye milia ni ya kweli?

Ni ya kweli. Ilikuwa Dornier Do 27, ndege ndogo ya Kijerumani inayoweza kuruka na kutua kwenye kiwanja kifupi. Waliipaka milia ya pundamilia, na namba yake ya usajili ilikuwa D-ENTE. Ente kwa Kijerumani ni bata. Walijifunza urubani wote wawili kwa ajili ya kazi hiyo, na Desemba 1957 wakaondoka Frankfurt, wakavuka Bahari ya Kati, wakafuata Nile mpaka wakafika huku. Kambi yao ilikuwa Banagi, kaskazini mwa Seronera.

Jaribu kuiona kazi yenyewe. Hakuna GPS, hakuna kompyuta, na ramani zina makosa. Rubani anaruka chini chini kwa mstari ulionyooka, anageuka, anarudi kwa mstari wa pili ubavuni mwa ule wa kwanza, kama mtu anayelima tuta kwa tuta. Wengine wamebandika macho dirishani wanahesabu. Swala mmoja mmoja ni rahisi. Lakini nyumbu wakiwa maelfu, wanakimbia, vumbi limetanda, inabidi uhesabu kwa mafungu huku ndege inatikisika na jua linakupiga usoni. Ukikosea mstari umehesabu kundi mara mbili au umeliacha kabisa. Na ndivyo walivyokwenda siku baada ya siku mwanzoni mwa 1958.

Jumla waliyopata ilizidi kidogo wanyama 366,000. Nyumbu walikuwa karibu 99,000, pundamilia 57,000, na swala tomi pamoja na swala granti karibu 195,000. Baadhi ya nyumbu waliwakamata wakawavika mikanda ya rangi shingoni ili waweze kuwatambua kutoka angani na kuufuata msafara. Walikusanya pia majani na udongo, wakitaka kujua kwa nini makundi huacha nyasi za hapa yakafuata za kule.

Hesabu yao ilikuwa sahihi?

Kwa mwanzo, ilikuwa kazi kubwa. Lakini siku hizi Serengeti ina nyumbu wapatao milioni 1.3, na wageni huuliza inawezekanaje kutoka 99,000.

Jibu ni sotoka. Ugonjwa huo wa ng'ombe uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ukaua ng'ombe wa Wamaasai kiasi cha kuwaacha watu na njaa kali. Ukawaambukiza nyumbu na nyati pia, na kwa miongo mingi ulikuwa ukiua ndama wao kila mwaka. Wanasayansi walipowachanja ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi, sotoka ilitoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, bila mtu kumchanja hata nyumbu mmoja. Ndama wakaanza kupona. Kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamezidi milioni moja.

Akina Grzimek, kwa hiyo, waliwahesabu nyumbu walipokuwa wagonjwa. Tena waliopona walipona kupitia zizi la mfugaji. Dawa ilipita kwa ng'ombe wa Mmaasai na Msukuma ndipo ikamfikia nyumbu. Hili napenda kulieleza kwa sauti kubwa, kwa sababu katika picha nyingi za Serengeti mfugaji hayumo.

Michael alikufaje?

Tarehe 10 Januari 1959 alikuwa akirusha ile ndege ya milia peke yake, kaskazini mashariki mwa Ngorongoro. Ndege iligongana na tumbusi, yule tai mkubwa anayekula mizoga. Bawa la kulia liliharibika, nyaya zinazoendesha usukani zikakwama, ndege ikapiga chini. Michael hakupona. Alikuwa na miaka 24, na nyumbani ameacha familia.

Wenye mamlaka waliruhusu azikwe ukingoni mwa kreta. Maandishi kwenye kaburi yanasema kuwa alitoa kila alichokuwa nacho kwa ajili ya wanyama wa Afrika, hata uhai wake.

Tumbusi bado wapo. Ukisimama pale kaburini karibu na saa nne asubuhi, jua likishapasha hewa, utawaona wakizunguka juu bila kupiga bawa. Wageni wakijua habari hii huinua macho, kisha hunyamaza.

Filamu ile ya Serengeti iliishia wapi?

Baba aliimaliza. Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti Isife, ilitoka mwaka huo huo wa 1959 pamoja na kitabu chenye jina hilo hilo. Mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya maisha halisi, ya kwanza kwa Ujerumani tangu vita viishe. Kitabu kikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Ninajua wageni waliokisoma utotoni wakaweka akiba maisha yao yote ili waje waone kwa macho.

Ni kweli kwamba Grzimek ndiye aliyeianzisha Hifadhi ya Serengeti?

Si kweli. Serengeti ilikuwa hifadhi ya taifa tangu 1951, yeye hajafika. Na vita vya mipaka hakushinda. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilitekeleza mgawanyo: Ngorongoro pamoja na sehemu ya tambarare za mashariki ikawa eneo la hifadhi ambamo wafugaji wanaruhusiwa kuishi, na Serengeti ikaongezwa ardhi upande wa kaskazini hadi mpaka wa Kenya. Grzimek aliona hatari kubwa, kwa sababu alama zake za angani zilionyesha nyumbu wakitumia zile tambarare zilizotolewa.

Hatari ile haikutokea kama alivyoihofia. Nenda Ndutu mwezi wa Februari, upande wa Ngorongoro. Nyumbu wanazaa kwa malaki, ndama anasimama dakika chache baada ya kudondoka, tena katika ardhi ambayo Grzimek alidhani imepotea. Imebaki wazi kwa sababu wafugaji hawakuizungushia uzio, na kwa desturi hawali nyama ya porini.

Alikuwa na msimamo gani kuhusu Wamaasai?

Hapa ndipo ninapotofautiana naye. Aliamini kwamba hifadhi ya taifa lazima ibaki pori tupu, asiishi mtu ndani yake, Mzungu wala mwenyeji. Aliliandika waziwazi. Katika kitabu na filamu ng'ombe wa Wamaasai wanaonekana kama tishio kwa majani na maji ya wanyama.

Msimamo huo hakuuanzisha yeye, ila sauti yake iliubeba mbali kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai waliweka alama zao kwenye mkataba wa kuihama Serengeti, wakaacha maji na malisho ya Moru, kwa ahadi kwamba Ngorongoro itakuwa yao kuishi. Moru hadi leo kuna michoro ya ngao kwenye miamba, nyekundu, nyeupe na nyeusi, iliyochorwa na vijana wa Kimaasai. Ukiwa unawaonyesha watalii michoro ile, huwezi kuwaambia kwamba hapa palikuwa pori lisilo na mtu.

Ahadi ya Ngorongoro nayo imekuwa ikipungua. Waliokuwa wakiishi chini ndani ya kreta walitolewa mwaka 1974, kilimo kikapigwa marufuku mwaka uliofuata. Tangu 2022 kaya zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari, Wamaasai wengi wanapinga. Mjadala huo ni mkubwa kuliko Grzimek, lakini mbegu ya wazo kwamba mnyama na mfugaji hawawezi kukaa pamoja, yeye ni mmoja wa walioimwagilia. Mtu aliyechukua shida ya kuhesabu swala mmoja mmoja kutoka angani hakushuka na kukaa bomani miezi michache, awaulize wazee nyumbu wanapita wapi na kwa nini. Wangemwambia mengi.

Alikuwa na uhusiano gani na Mwalimu Nyerere?

Walifahamiana na kuheshimiana. Grzimek hakuwa kama Wazungu wengi wa wakati ule waliodhani uhuru ukija wanyama watakwisha. Aliamini viongozi wa Kiafrika wataifanya kazi hii, na alilisema mbele ya watu wake.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, ulifanyika mkutano mkubwa wa uhifadhi Arusha. Hapo likasomwa tamko la Nyerere kwamba wanyamapori ni amana ya nchi, na kwamba serikali ya Tanganyika itawalinda kwa ajili ya wajukuu wetu. Tusilichanganye na Azimio la Arusha la 1967, hilo ni jambo lingine kabisa. Mwalimu mwenyewe amenukuliwa akisema kwamba yeye binafsi hana hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba, ila anajua wanyama wataliletea taifa fedha. Nchi ilipopata uhuru hifadhi za taifa zilikuwa za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Leo zimezidi 20.

Nimesikia aliwadanganya Wajerumani ili waje kutalii. Ni kweli?

Ndivyo inavyosimuliwa, na nadhani ndiyo hila bora kuliko zote alizowahi kufanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Afrika Mashariki ilikuwa ya matajiri na wawindaji. Grzimek akasema katika televisheni kwamba sasa mtu wa kawaida anaweza kununua safari ya kwenda kuona wanyama kwa bei nafuu. Safari hiyo haikuwepo. Kesho yake watu wakamiminika kwenye ofisi za mawakala wa usafiri kuiulizia, na mawakala, kwa kuona wateja wako mlangoni, wakaitengeneza. Wengine tunaoishi kwa utalii Arusha, Karatu na Mto wa Mbu tunakula matunda ya jioni ile.

Sokwe wa Rubondo wanahusianaje naye?

Kati ya 1966 na 1969 aliongoza mpango wa kuwaleta sokwe 17 kutoka Ulaya na kuwaachia katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria. Wengi walikuwa wamekamatwa wakiwa wachanga Afrika Magharibi, wakaishi miaka katika vizimba. Waliachiwa hivyo hivyo, bila mafunzo yoyote. Mtu angetarajia wafe. Wakajifunza wenyewe kuchuma matunda ya msituni na kusuka viota mitini, wakazaana, na uzao wao leo ni makumi kadhaa. Kulikuwa na gharama pia: madume wawili waliozoea watu kupita kiasi waliwashambulia binadamu, ikabidi wapigwe risasi. Wataalamu wa sasa wasingefanya namna ile, hasa kwa kuwa sokwe si wenyeji wa kisiwa kile. Rubondo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977.

Kwao Ujerumani alipigania nini?

Mengi. Alipinga uwindaji wa watoto wa sili Kanada, supu ya kasa, na makoti ya ngozi ya chui, mpaka mwanamke aliyevaa koti hilo mjini akaanza kuona aibu. Alipinga ufugaji wa kuku katika vizimba vya nyavu, akaufananisha na kambi za mateso. Wafugaji wakamshitaki, mahakama ikamruhusu aendelee kusema hivyo. Alikuwa miongoni mwa waliopigania hifadhi ya taifa ya kwanza ya Ujerumani, iliyofunguliwa katika misitu ya Bayern mwaka 1970. Kansela Willy Brandt alimpa wadhifa wa kusimamia masuala ya uhifadhi wa mazingira, naye mwaka 1973 akauacha kwa kuona serikali haichukui hatua. Aliongoza pia uandishi wa ensaiklopidia ya wanyama ya juzuu 13.

Maisha yake ya nyumbani yalikuwaje?

Hayakuwa mepesi. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika baada ya miaka mingi, na mwaka 1978 akamwoa mjane wa Michael. Kwa baadhi yetu huku hilo linashangaza, kwa wengine wenye desturi ya kurithi wajane halishangazi hata kidogo, ingawa huko mrithi si baba mkwe. Sina la kuongeza.

Alifariki lini, na kwa nini amezikwa Tanzania?

Alifariki Frankfurt tarehe 13 Machi 1987 akiwa na miaka 77, ameketi katika onyesho la sarakasi anatazama chui milia. Majivu yake yaliletwa Ngorongoro, yakawekwa kando ya mwanawe. Miaka 28 baba alikuwa akija na kuondoka, akimwacha kijana wake kwenye baridi ile. Mara ya mwisho hakuondoka.

Nini kimebaki cha kazi yake?

Kubwa ni shirika lake, Frankfurt Zoological Society, ambalo bado linafanya kazi Serengeti pamoja na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa za Tanzania. Lina mkono katika ulinzi wa faru weusi, na tangu 2017 linaendesha kikosi cha kuondoa mitego ya nyaya porini kwa ushirikiano na kampuni za utalii. Nimewahi kuishika nyaya moja iliyotolewa. Ni nyembamba, imefumwa kitanzi tu, hata mtoto angeweza kuisuka. Nyumbu akiingiza shingo, kila akivuta kinakaza. Wanaoitega wengi si matajiri wa pembe za ndovu, ni watu wa vijiji jirani wanaotafuta kitoweo na ada ya shule. Kwa sababu hiyo shirika linasaidia pia vikundi vya akiba na mikopo vijijini, maarufu kama COCOBA, ambavyo huwapa wanachama mtaji wa biashara isiyoharibu mazingira. Natamani Grzimek angeishi aone wanawake wa kijijini wakikaa kwenye mkeka na daftari na sanduku la fedha, na hiyo ikiitwa kazi ya uhifadhi.

Kuna pia Chuo cha Mweka, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kilichofunguliwa 1963 kufundisha wahifadhi wa Kiafrika. Shirika lake lilikuwa miongoni mwa waliochangia fedha za mwanzo. Maabara iliyopewa jina la Michael kule Banagi ndiyo iliyokuja kukua kuwa taasisi ya utafiti wa Serengeti. Na mwaka 2014, Mahakama ya Afrika Mashariki ilipozuia barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa hifadhi, hoja kubwa ilikuwa njia ya nyumbu, jambo ambalo watu wawili na ndege ya milia ndio walioanza kulichora kwenye ramani.

Naweza kulitembelea kaburi?

Ndiyo, liko kando ya barabara na gari lako litapita hapo hapo. Mwambie dereva mapema, maana wenye haraka ya kuwahi kushuka kreta hupitiliza. Vaa sweta, ukingoni ni zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na upepo haukuulizi umetoka Dar es Salaam au Zanzibar. Usijitenge na gari, nyati hupenda kulala kwenye vichaka vya pale. Ukifika kabla ya saa tatu huenda usione kreta, kaa kidogo. Ukungu huanza kuinuka upande wa mashariki, kwanza unaona Ziwa Magadi likimetameta chini, halafu vidoti vyeusi kwenye majani ambavyo ukitazama vizuri vinatembea. Wageni wangu wengi huanza kuvihesabu.